Jinsi ya kueleza utafiti wako redioni bila kuambiwa umesema ugali ni sumu

Juzi nimekaa na dada mmoja wa masters mpaka saa tatu usiku tukipanga dakika nane za redio. Dakika nane tu! Hii kazi ya aflatoksini, ile sumu ya kuvu, kwa mahindi anaijua kama jina lake, lakini kila akifungua mdomo inatoka pepa. Nikaona badala ya kurudia haya kila mwaka na mtu mpya, wacha niandike mara moja. Mifano yangu ni ya mahindi kwa sababu ndo kazi yangu, wewe weka mbu wako ama maji yako.

Hatua ya 1: Mambo ya ofisi. Msimamizi ajue, jarida liwe limekubali pepa, na wakulima waliokupa sampuli wapate majibu yao kabla ya mtu mwingine yeyote. Wasisikie habari ya ghala zao kwa redio ya jirani.

Hatua ya 2: Chagua mtu mmoja. Ukiambiwa uongee na "umma" utaongea na hewa. Mi huongea na mama anayeuza nafaka pale Nyamakima, Nairobi. Jiulize, akishanisikia, kesho asubuhi atafanya nini tofauti? Kama hakuna, bado huna la kusema, rudi ukafikirie.

Hatua ya 3: Namba. Hapa ndo nilipotelea, so nivumilie.

Kiwango cha mwisho kinachokubaliwa Kenya ni maikrogramu 10 za aflatoksini kwa kila kilo ya mahindi. Maabara tunasema tu "kumi" na tunaelewana. Siku ya kwanza kusema hivo Nyamakima, mama mmoja alikuwa amekalia gunia, gorogoro mkononi, akaniuliza, "Kumi za nini, daktari?" Nikamwambia sehemu kumi kwa bilioni. Akaniangalia kidogo, halafu akaendelea kupimia kastoma maharagwe.

Hio usiku sikulala vizuri. Nikachukua karatasi: gunia la kilo 90, mara 10, ni maikrogramu 900, haifiki hata miligramu moja. Ukigeuza iwe chumvi ya mezani ni kama punje kumi na tano hivi. Punje kumi na tano za chumvi kwa gunia zima! Nikamrudia na hio. Akasema, "Kumbe haiwezi kuonekana." Hilo ndo neno nilikuwa natafuta, na slaidi zangu zote hazijawahi kulitoa kwa mtu.

Lakini mfano ukishapatikana una mitego yake. Wa kwanza, mtu akisikia ni kidogo hivo anasema basi haidhuru. Ukimkimbilia na 2004, wakati watu 317 hapa Kenya waliugua kwa hii sumu na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, anafikiri akila ugali leo ataanguka kesho. Kwa hivo tenganisha: ikiingia nyingi kwa muda mfupi inaharibu ini haraka, hio ndo ya 2004, na ikiingia kidogo kidogo kwa miaka inaongeza uwezekano wa saratani ya ini. Sema zote mbili, kila moja na sentensi yake.

Wa pili ni asilimia. Usiseme asilimia 30, sema magunia matatu kwa kumi, na useme ulichukua wapi na msimu gani, la sivyo msikilizaji ataweka mahindi ya Kenya nzima ndani. Halafu hii "inaongeza mara mbili", mara mbili ya ngapi? Kutoka mtu mmoja kwa elfu hadi wawili kwa elfu ni mara mbili, na kutoka 200 hadi 400 pia ni mara mbili, lakini hizo si habari moja. Taja mahali ilianzia.

Wa tatu ni maneno yenyewe. "Hatari" kwa Kiswahili ni nyoka chini ya kitanda, si hesabu, mi hutumia "uwezekano wa kuugua". "Sumukuvu" ni neno zuri na Tanzania wamelizoea, lakini hapa Nairobi watu wanasikia "sumu" pekee, so nasema "aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu" mara moja, kisha "hii sumu" mpaka mwisho. Na usithubutu kusema "mahindi mabovu". Kila mtu anajua yake si mabovu, na hii sumu inaweza kuwa kwa punje safi inayong'aa.

Hatua ya 4: Zima slaidi. Kabisa. Rekodi vois noti ya dakika moja, tuma kwa mtu ambaye hakuogopi. Mi hutumia shangazi yangu wa Kayole. Usimuulize "umeelewa?", kwa adabu atasema ndio. Mwambie, "Shangazi, hebu nielezee vile utamwambia mtu wa chama." Alichosahau, toa. Alichogeuza, hapo ndo ulikosea wewe.

Hatua ya 5: Jitayarishe kwa "kwa hivo". Mtangazaji atafunga na swali linaloanza hivo. Mimi niliulizwa, "Kwa hivo daktari, ugali ni sumu?" Nikacheka, nikasema, "Kwa njia moja ama nyingine." Jioni kichwa cha habari kilikuwa mwanasayansi asema ugali ni sumu, na mamangu akanipigia kuuliza kama nimefutwa kazi. Dawa yake: anza jibu na "hapana" ama "ndio" yako mwenyewe, halafu sentensi moja tu, na usicheke. "Hapana. Shida ni mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka." Nyamaza hapo.

Hatua ya 6: Wape kitu cha kufanya. Yangu ni chupa ya glasi. Iwe kavu kabisa, tia mahindi robo chupa, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, wacha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwa glasi, unyevu bado umepita asilimia 15, rudisha mahindi juani juu ya turubai, si chini kwa mchanga. Sema mara mbili kwamba chupa inapima maji, haipimi sumu. Mara moja haitoshi, nimejaribu.

Hatua ya 7: Chaji simu. Maswali yanakuja baada ya kipindi, na karibu kila mara la kwanza si la mtu kula. Huyu dada kipindi chake kiliisha saa tatu asubuhi, saa tatu na dakika tano mzee mmoja akapiga: "Hayo umesema tusikule, si nipee ng'ombe?" Alikuwa na jibu tayari, kwa sababu tulikuwa tumelifanyia mazoezi ile usiku: hapana mzee, ng'ombe akikula inapita kwa maziwa, na maziwa unapea mtoto.

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza kuhusu kuku.

Kuku hatukuwa tumepanga.