Makundi ya wasichana na wavulana darasani: anza na karatasi nne

Kata karatasi nne ndogo kabla hujaingia darasani. Hizo zitafanya kazi kuliko hotuba yoyote ya ushirikiano.

Nafundisha hisabati kisiwani Lamu, wasichana na wavulana pamoja. Swali nilipendalo ni la jabia, yaani tangi la kuhifadhia maji ya mvua: mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya mabati yetu, tutakinga lita ngapi, na zitatutosha siku ngapi? Karatasi ya kwanza ina urefu wa paa, mita 20. Ya pili upana, mita 8. Ya tatu ile mvua. Ya nne inasema wanafunzi ni 200, kila mmoja lita moja kwa siku. Weka wasichana wawili na wavulana wawili. Msichana mmoja kati ya wavulana watatu, kwangu, amekuwa akinyamaza. Kila mtoto ashike karatasi yake, asimpe mwenzake, aseme tu kilichomo. Majibu ni lita 1,600 na siku 8, na hakuna awezaye kuyapata peke yake.

Mwaka 2015 mtihani wa kimataifa wa PISA ulipima vijana wa miaka 15, katika nchi na maeneo 52, wanavyotatua mambo kwa kushirikiana. Wasichana waliongoza kila mahali. Kwa nchi za OECD, umoja wa nchi nyingi zilizo tajiri unaoendesha mtihani huo, wastani wa pengo ulikuwa alama 29. Ufini na Uswidi lilipita 40, Kolombia na Peru halikufika 10. Ila katika PISA ya mwaka 2012, kila mmoja alipotatua peke yake, wavulana ndio waliotangulia, kwa alama 7. Kenya haikuwemo. Mimi nasoma hivi: pengo linalopanuka na kusinyaa namna hiyo si la kuzaliwa nalo tu, mwalimu ana nafasi yake.

Sasa kalamu. Usimkabidhi msichana uandishi wa kundi! Miaka mingi nilisema, "Wasichana andikeni, hati zenu nzuri." Siku moja mmoja akaniletea kazi safi kabisa. Nikamwuliza wamefikaje pale. "Mimi nimeandika tu, mwalimu. Waliopiga hesabu ni wao." Lile jibu liliniuma, maana kosa lilikuwa langu. Tangu hapo kalamu inazunguka, kila hatua mkono mwingine.

Kwa wenye pupa ya kujibu, na kwangu wengi ni wavulana, weka sharti: kabla hujasema lako, rudia alilosema aliyekutangulia mpaka mwenyewe akubali ndivyo. Wiki za mwanzo watanung'unika. Usilegeze. Katika PISA ile ya 2015 wavulana ndio waliosifu zaidi faida za kufanya kazi kwa kundi, basi waonyeshe faida hiyo: kundi linalosikilizana halirudii hesabu mara tatu.

Kusahihisha ni kwepesi. Nyooshea kidole yeyote, aeleze njia yote. Alama yake ni ya wote wanne.

Muhula uliopita kundi moja lilitoka nje kutazama mabati yenyewe. Msichana mmoja akaona gata imetoboka pembeni. Wakarudi wakibishana kwa sauti, wanne wote, lita ngapi zinamwagika kabla ya kufika jabiani.