Somo: Kutoka kusuka vichwa hadi kufundisha wasusi

Wengi mmeniuliza nilianzaje kufundisha ususi. Nilianza vibaya. Mwanafunzi wangu wa kwanza nilimsimamisha pembeni ya kiti nikamwambia, "Angalia ninavyofanya." Akaangalia miezi mitatu. Siku nilipomwachia kichwa, akatoa mistari iliyopinda kama njia ya mbuzi. Kosa lilikuwa langu: mkono wangu ulijua kusuka, mdomo haukujua kueleza.

Hatua ya 1: Kaa chini ya msusi
Tafuta saluni yenye vichwa vingi, si yenye vioo vizuri. Utafagia, utachambua rasta, utaosha nywele. Kuosha usikudharau, maana ndiko unakojifunza ngozi ya kichwa: mba, vidonda, nywele zilizonyonyoka pembeni kwa kukazwa miaka mingi.

Hatua ya 2: Jenga mkono
Anza na twende kilioni. Ndiyo, ule ule msuko wa haraka wa msibani. Mistari ni michache na minene, kosa halina pa kujificha. Ukishainyoosha, nenda kwenye mabutu, halafu rasta, mwisho kushonea wiving.

Hatua ya 3: Ijue dawa
Dawa ya kulainisha nywele huunguza ngozi. Mteja aliyejikuna au mwenye kidonda mwambie arudi siku nyingine. Paka mafuta mazito kwenye paji, masikio na kisogo, fuata muda ulioandikwa kwenye kopo, na dawa iguse nywele zilizoota upya tu. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo anayetaka kurudia baada ya wiki tatu hana cha kupakwa. Mimi nimewahi kumuunguza mteja. Nilikuwa napokea simu.

Hatua ya 4: Fundisha mdomo wako
Hapa ndipo wasusi wazuri wengi hukwama. Chukua msuko mmoja unaoujua kuliko yote, usuke polepole huku ukisema kwa sauti kila unachofanya: umegawa wapi, umeshika nywele kwa vidole gani, umeongeza rasta baada ya mizunguko mingapi. Mtu akurekodi kwa simu. Ukijisikiliza utacheka, kwa sababu nusu ya maneno ni "halafu unafanya hivi". Kila "hivi" itafutie neno lake, kisha andika hatua kwenye karatasi.

Mwanafunzi mkalishe yeye kwenye kiti umsuke kwanza, tena mstari mmoja ukaze kupita kiasi kidogo. Asiposikia maumivu hayo kichwani mwake, hatajua kwa nini vipele vinatoka kwenye paji la mteja. Baada ya hapo ahamie kwenye kichwa cha sanamu, halafu kwa ndugu zake, halafu kwa mteja anayelipa nusu bei akijua kabisa anasukwa na mwanafunzi. Kumficha mteja ni kujiharibia jina.

Hatua ya 5: Makaratasi
TIN (namba ya mlipa kodi), leseni ya biashara, na cheti cha ufundi. La cheti nimelijibu hapo chini.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tandika): Dada, nikimfundisha mtu si ataondoka na wateja wangu?
Jibu: Ataondoka, mdogo wangu. Hata wewe uliondoka kwa bosi wako. Andikianeni mapema ada, muda, na kwamba daftari la namba za wateja ni la saluni.

Swali (Mwanza): Nimesuka miaka tisa bila cheti. Naweza kufundisha chuoni?
Jibu: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa kazi unayoijua, ukifaulu unapata cheti. Kufundisha chuoni kunadai zaidi ya hapo: ualimu wa ufundi stadi husomewa kwenye chuo chao cha Morogoro. Nenda ofisi ya VETA ya mkoa wako ukaulize sifa za kujiunga.

Swali (Dodoma): Ada nipangeje?
Jibu: Mimi huhesabu muda. Rasta ndogo nasuka kwa muda wa saa sita, nalipwa Sh 30,000. Nikisuka nafundisha, kichwa hicho hicho hunila saa tisa. Saa tatu zilizopotea ni Sh 15,000. Vichwa viwili kwa wiki, wiki 12, ni Sh 360,000. Ukitoza chini ya hapo, wewe ndiye unayemlipia ada.

Swali (Tanga): Mimi ni mwanaume. Wateja watanikubali?
Jibu: Wapo wasusi wanaume wenye foleni, kaka yangu. Kwa wateja wanaojistiri, uwe na msusi wa kike wa kuwahudumia.

Swali (Kigamboni): Yule mwanafunzi wa njia ya mbuzi aliishia wapi?
Jibu: Ana kiti chake Temeke. Mwezi uliopita alinisuka mimi. Mistari imenyooka, ila pembeni alikaza, nikamwambia afungue.