Mtego wa meno wa kunasa panya usikwame kwa vumbi na udongo

Mtego wa chuma wenye mataya mawili na sahani katikati hukwama kwa sababu chache tu. Udongo hujaa chini ya sahani, panya akaikanyaga isishuke. Changarawe hukaa kwenye bawaba, taya likafunga nusu na panya akachomoka. Au kutu hushika ulimi, kile kipande chembamba kinachozuia taya lisifyatuke. Kwenye udongo wa kichanga wa Ugogo, huku Dodoma, cha kuogopa zaidi ni hicho cha kwanza, hasa Juni hadi Oktoba upepo unapobeba vumbi laini.

Maelezo haya ni ya panya wa shambani na ghalani tu. Mitego mikubwa ya wanyamapori haitegwi bila kibali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 iko wazi.

Hatua ya 1: Ondoa grisi. Mtego mpya huja na mafuta, na vumbi hunata hapo. Uchemshe dakika 15 kwenye maji yenye majivu, vijiko viwili kwa lita. Sugua bawaba kwa mswaki mkuukuu, kwangua tundu la ulimi kwa msumari, anika. Oili ya injini usiiguse: inanuka na inakusanya vumbi. Pitisha nta ya nyuki au mshumaa kwenye bawaba chuma kikiwa na joto la jua, ila ncha ya ulimi iache kavu. Ikiteleza, mtego utajifyatua wenyewe usiku.

Hatua ya 2: Jaribu. Tega, kisha kandamiza sahani kwa unyasi mkavu. Unyasi ukipinda kabla ya mtego kufyatuka, sahani ni nzito mno kwa panya mdogo.

Hatua ya 3: Andaa kitanda. Hapa ndipo kazi ilipo. Kwenye njia ya panya, chimba shimo linalouzidi mtego sentimita 2 kila upande, kina chake kiifanye sahani iwe sawa na uso wa ardhi. Shindilia chini vizuri, maana mtego ukiyumba panya anashtuka kabla hajafika kwenye sahani.

Chini ya sahani weka sufi iliyochambuliwa, ijaze nafasi bila kubanwa. Inazuia vumbi kupenya lakini inabonyea sahani inaposhuka. Pamba haifai, kwani ikinyonya unyevu hugeuka donge. Makapi ya uwele yanaweza kusaidia yakipepetwa yasibaki na punje hata moja. Punje huwaita sisimizi, na panya naye atafukua badala ya kukanyaga.

Juu ya sahani tandika gazeti lililokatwa liingie ndani ya mataya, lisiyaguse. Lifikiche kwanza lilainike, lisije likachakarika. Nyunyiza udongo mkavu kwa chujio la chai, unene wa milimita 2 au 3. Ukizidisha, umeirudisha shida uliyokuwa unaikimbia.

Kwenye udongo mfinyanzi, kama majaruba ya Bahi, usirudishie udongo uleule: ukilowa na kukauka huwa kama tofali. Tumia mchanga wa korongo. Uanike, uupashe kwenye sufuria kuukuu kwa moto mdogo, yeyushia mshumaa mmoja kwa kilo moja ya mchanga, koroga hadi upoe na chembe ziachane. Usiondoke jikoni, nta hushika moto.

Hatua ya 4: Funika. Kipande cha bati kilichokunjwa kama handaki kinatosha. Upepo wa Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki, kwa hiyo ziba upande huo. Kuku na watoto nao watakuwa salama zaidi.

Chambo kiwe kidogo, kiasi cha punje ya mahindi. Karanga iliyosagwa ikimwagika pembeni, mafuta yake hugandisha vumbi kwenye bawaba.

Mtego wa ubao karibu na kihenge una adui mwingine: mchwa, ambao wanaweza kuupaka tope usiku mmoja. Uweke juu ya jiwe bapa, au tumia wa chuma mtupu.

Kagua kila asubuhi. Fyatua kwa kijiti, kamwe si kidole, na panya umwondoe ukiwa na glavu. Badilisha sufi iliyolowa. Mvua za Desemba zikianza, ng'oa mitego yote iliyo chini, isafishe na uihifadhi ikiwa imefyatuliwa. Springi inayokaa imekazwa miezi mizima hulegea.