Ungoje bloku ngapi kabla ya kutuma M-Pesa

Ukiuza simu Luthuli Avenue, Nairobi, ukalipwa kwa Bitcoin, au ukinunua sarafu kwa mtu na kumtumia M-Pesa, swali ni lile lile: niachilie mali lini? Akishatoa pesa kwa ejenti, hazirudi. Jibu liko kwenye nguvu ya wachimbaji, yaani wenye kompyuta zinazofungasha miamala kwenye mafungu yaitwayo bloku na kuyaunganisha kuwa mnyororo mmoja wa kumbukumbu za sarafu hiyo.

Hatua ya 1: Hakikisha muamala umeingia kwenye bloku. Fungua mwenyewe tovuti ya kufuatilia miamala na ubandike namba yake. Usikubali picha ya skrini kutoka kwa mteja. Ukiona "haujathibitishwa", bado hujalipwa.

Hatua ya 2: Pima gharama ya shambulio. Hapa ndipo wengi huumia. Anayetaka kufuta malipo aliyokupa lazima achimbe upya bloku ile na zote zilizofuata, kisha awapite wachimbaji wengine. Mwenye zaidi ya nusu ya nguvu yote atafaulu tu, hata akichelewa. Hawezi kuchukua sarafu za pochi yako bila ufunguo wako wa siri, lakini zile alizokulipa anaweza kuzirudisha kwake.

Kwa Bitcoin, nusu hiyo ni mashine nyingi mno zilizotengenezwa kwa kazi hiyo pekee. Sarafu ndogo ni hadithi nyingine, hasa ikitumia mashine zilezile za sarafu kubwa: mshambuliaji hanunui kitu, anakodisha nguvu kwa saa kadhaa. Sarafu ya Ethereum Classic ilishambuliwa mara tatu Agosti 2020, na shambulio la tatu likafuta na kuandika upya zaidi ya bloku 7,000. Aliyengoja bloku 6 alikuwa kama hakungoja.

Hatua ya 3: Angalia nguvu imegawanyikaje kati ya vikundi vya uchimbaji, yaani wachimbaji wanaounganisha mashine zao. Mwaka 2014 kikundi kimoja, GHash.io, kiligusa nusu ya nguvu ya Bitcoin.

Hatua ya 4: Hesabu. Waraka wa 2008 wa Satoshi Nakamoto, aliyebuni Bitcoin, una jedwali: ili uwezekano wa kuibiwa ushuke chini ya asilimia 0.1, dhidi ya mshambuliaji mwenye asilimia 10 ya nguvu ungoje bloku 5. Mwenye 30, bloku 24. Mwenye 45, bloku 340. Bloku ya Bitcoin huchukua wastani wa dakika 10, kwa hiyo 24 ni kama saa nne.

Kwa laptopu, mimi hungoja bloku 6 za Bitcoin. Sarafu inayokodishika kirahisi naikataa. Mteja aibadilishe kwanza.