Namna ya kufuatilia habari za babu aliyepelekwa Burma na KAR

Kama kwenu kuna babu ambaye akitajwa tu mtu anasema "huyo alienda Bama", yaani Burma, Myanmar ya leo, alikopelekwa kwenye Vita Kuu ya Pili na KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), anza kufuatilia wiki hii, usingoje Desemba watu warudi nyumbani. Kijana aliyechukuliwa mwaka 1942 akiwa na miaka 18 leo angekuwa amepita 100, kwa hiyo wa kuulizwa sasa ni bibi, mashangazi, na wale wadogo zake waliokuwa watoto siku anaondoka, na hao nao wanapungua kila mwaka.

Cha kwanza kutafuta ni kikosi chake. Wengi wanakimbilia jina, na jina ndilo linakwamisha, maana karani wa jeshi aliandika alivyosikia, R na L zimechanganywa, wengine wameandikwa jina moja na la baba basi, ukoo haumo kabisa. Ila ukishajua kikosi unajua alishuka wapi na meli, alivuka mto gani, masika ya huko ilimkuta wapi.

Sasa kikosi unakipataje? Usimwulize bibi "alikuwa kikosi gani", atakwambia vita ya Hitla na mazungumzo yameisha. Uliza vitu vidogo. Alirudi na nguo gani? Alikuwa anaendesha gari, anapika, anabeba mizigo? Alikuwa akiimba nini? Mimi kwa bibi yangu nilihangaika siku nzima mpaka nilipouliza habari za koti, ndipo akasema lilikuwa na kichwa cha mnyama mwenye pembe begani, akakibandua kwa wembe kwa sababu mtoto alikuwa anakiogopa. Mnyama huyo ni kifaru, alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Halafu shangazi akadakia kwamba baba yao akishalewa anapiga saluti mlangoni anasema "mimi thelathini na sita", na wao miaka yote walijua anataja umri. Ilikuwa batalioni yake, 36 KAR, ya Tanganyika! Batalioni za Tanganyika mtazisikia kama 6, 26, 36 na 46, za Uganda kuna 4, 34, 44, na Kenya kuna 11. Kwa hiyo namba yoyote aliyokuwa anairudiarudia mzee iandike, hata kama inaonekana haina maana.

Swali la kuuliza kwa upole ni kama alijiandikisha mwenyewe au alikamatwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria za kulazimisha watu, machifu wanaambiwa idadi ya vijana wa kuleta, na kwenye familia nyingine hilo bado ni kidonda kwa sababu aliyemtoa kijana ni jirani au ndugu kabisa. Ukiona mtu ananyamaza, acha, rudi siku nyingine.

Makaratasi sasa. Kwetu yalikuwa kwenye kopo la majani ya chai, cheti cha kuachishwa jeshi kimekunjwa mara nne mpaka mikunjo imekatika. Kifungue taratibu juu ya meza, kipige picha karibu na dirisha bila flashi, mbele na nyuma, na TAFADHALI usikipeleke stesheneri wakakifunge kwenye plastiki ya moto, hiyo haitoki tena. Tafuta namba yake ya jeshi, hiyo ni dhahabu, haibadiliki kama jina. Medali usiisugue kwa majivu wala kwa dawa ya kung'arisha. Nyota yenye ncha sita na utepe wa bluu, nyekundu katikati na mistari ya chungwa, ndiyo Burma Star, na usishangae ukikosa jina lake nyuma, nyota za Uingereza zilitolewa bila majina. Kama babu alienda msituni baadaye, Malaya (Malaysia ya leo) mwanzoni mwa miaka ya 1950, na KAR pia walipelekwa huko, medali ya huko jina na namba vimechongwa ukingoni.

Aliyekufa huko mtafute bure mtandaoni kwenye saiti ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi ya askari wa Uingereza na makoloni yake, ila usiandike jina, chagua nchi na jeshi na mwaka halafu soma orodha yote kwa macho. Wengi wasio na kaburi wako kwenye mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan, Myanmar, una karibu majina 27,000. Na kama kwenu wanasema alizama baharini, angalia tarehe 12 Februari 1944, siku meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Wajapani, wakafa watu kama 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa kwetu.

Dayari za vita za batalioni ziko National Archives ya Uingereza, Kew, kundi la WO 172, na kama huna mtu London unaweza kuagiza nakala kwa malipo. Jiandae tu, zimeandikwa na maofisa wa Kizungu, wao wametajwa kwa majina na askari wetu ni hesabu, wangapi wamekufa, wangapi wanaumwa, na inauma kusoma. Ila njia ya babu imo humo siku kwa siku. Divisheni ilikaa kwanza Ceylon, Sri Lanka ya leo, kisha katikati ya 1944 ikaingizwa bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, bonde la malaria na matope ya magotini, vijana wanakula vidonge vya njano vya mepakrini mpaka ngozi inageuka rangi, wakasukuma mpaka wakaichukua Kalewa kwenye mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba 1944. Kwa hapa nyumbani Tanzania nenda Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, uliza na magazeti ya zamani kama Mambo Leo.

Ukishapata majina ya sehemu, chapisha ramani, rudi kwa bibi, umsomee kwa sauti moja moja. Palel, kimya. Kalewa, kimya. Nilipofika Tamu, mji wa mpakani pale wanapoingilia Kabaw, bibi akanishika mkono akasema rudia. Nikarudia. Akasema, "Ndio huo, alikuwa anasema kuna mji unaitwa Tamu na hajawahi kuona mahali pachungu kama pale, ndipo walipomzika mwenzake wa kutoka Njombe." Huyo mwenzake hatukuwa tumemsikia kabisa, na sasa ndiye ninayemtafuta.