Kupasha nyumba joto kwa mabomba ya chini ya sakafu: kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Haya ni kwa wenzetu wanaojenga kwenye baridi ya kweli: Ujerumani, Skandinavia, Kanada. Nazungumzia mfumo wa maji, si wa nyaya za umeme. Nyaya zinafaa bafu dogo. Ukizitandaza nyumba nzima, bili ndiyo itakayokutoa jasho.

Radieta za zamani hutaka maji ya nyuzi 60 au 70. Sakafu, kwa kuwa ni pana, inatosheka na 30 hadi 40. Ndiyo maana inaelewana sana na pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuna joto kutoka nje na kulihamishia ndani, ambayo hula umeme kidogo kadiri unavyoiomba maji ya uvuguvugu.

Hatua ya 1: Chora kwanza

Mabomba yakiachana sentimita 15, kila mita moja ya mraba inakula karibu mita 7 za bomba. Chumba cha mita za mraba 12 kinataka takriban mita 80, bado hujahesabu njia ya kwenda na kurudi kwenye manifoldi, kile kigawanyo cha maji ambako kila mzunguko wa bomba huanzia na kuishia. Kwa bomba la milimita 16, mzunguko mmoja usizidi mita 100 hivi. Sebule ya mita za mraba 20 igawe mara mbili, la sivyo pampu ya kusukuma maji itahangaika na upande wa mwisho utabaki baridi. Karibu na madirisha makubwa na bafuni, punguza nafasi hadi sentimita 10. Chini ya makabati ya jikoni usipitishe kitu.

Hatua ya 2: Zuia joto lisishuke

Tandaza bodi za povu gumu, zikae sawasawa bila kuyumba. Hapa ndipo wengi hubana matumizi, kisha wanapasha udongo joto miaka yote. Zungushia kuta utepe wa povu: unazuia joto lisihamie ukutani na unaipa saruji nafasi ya kutanuka. Usiukate mpaka vigae viwe vimeshawekwa. Juu ya bodi laza nailoni, maungio uyabandike vizuri.

Hatua ya 3: Laza bomba

Nunua bomba la PEX, plastiki ngumu ya kazi hii, lenye tabaka la kuzuia oksijeni. Bila hilo, oksijeni hupenya plastiki na vyuma vya mfumo huanza kuliwa na kutu. Mpangilio ninaoupenda ni wa konokono: unaingia hadi katikati ukiacha nafasi mara mbili, kisha unarudi katikati ya mistari uliyoacha. Bomba linalokwenda likilala kando ya linalorudi, joto linakuwa sawa chumba kizima.

Fanyeni wawili. Mmoja anafungua roli kwa kulizungusha, si kulivuta kwa ubavu, maana bomba litajisokota na kung'oa klipu. Mwingine anabana. Kwenye kona, nusu kipenyo cha mpindo kisipungue sentimita 8. Kila mzunguko uwe kipande kimoja. Kiungo chini ya saruji sikikubali hata kwa bahati mbaya. Linapovuka mwanya wa mlangoni, livishe soksi ya plastiki.

Hatua ya 4: Jaribu presha

Jaza mzunguko mmoja mmoja hadi mapovu yaishe. Kiwango cha Ulaya, EN 1264, kinataka presha ya baa 4 hadi 6; iache hivyo hivyo wakati saruji inamwagwa, ili msumari wa mtu ukitoboa, geji iseme palepale. Piga picha za kila chumba ukiwa umelaza futi kamba sakafuni.

Hatua ya 5: Saruji, kisha subira

Funika bomba kwa takriban milimita 45. Saruji ya kawaida ipewe siku 21 kabla ya moto wowote. Anza na maji ya nyuzi 25 kwa siku 3, halafu panda hadi kiwango cha juu ulichopanga na ukishike siku 4. Kuwasha mapema ili "ikauke haraka" ni kununua nyufa. Vigae ndivyo bora juu yake. Zulia zito ni blanketi.

Hatua ya 6: Sawazisha

Kwenye manifoldi, mzunguko mrefu upewe maji mengi kuliko mfupi. Gusa kidogo, subiri hadi kesho. Sakafu haina haraka. Uso wake sebuleni usipite nyuzi 29. Kisha shusha joto la maji kidogo kidogo mpaka chumba kifikie tu unachotaka, na usizime kabisa usiku, kwa kuwa itachukua saa nyingi kurudi. Vipimo vya mwisho viandike ndani ya mlango wa kabati la manifoldi, kila mzunguko na jina la chumba chake.