Siku ya kukaa nyumbani, jinsi ya kuifanya iwe tamu

Ukimwambia mtu wa Dar apumzike akili yake inaenda Coco Beach au sehemu ya nyama choma, yaani mpaka hela itoke ndo aone kapumzika. Jamani nyumbani pia panapumzisha, hata kama ni chumba kimoja cha kupanga, ila utulivu hauji wenyewe kisa tu umejilaza kwenye kochi, lazima uuandae.

Maandalizi yanaanza usiku wa jana yake. Osha vyombo vyote, jaza maji kwenye ndoo na madumu, loweka maharage kama kesho utayapika, afu lala. Inaonekana kazi tu lakini hapa ndo penyewe, maana hakuna kinachoharibu asubuhi kama kuamka ukakuta sufuria la ugali limegandiana na maji yamekatika.

Asubuhi amka kabla ya wenzio, hata nusu saa inatosha. Simu iache hapohapo kwenye chaja. Hili nalisisitiza sana, ukishaifungua tu unakuta grupu la ukoo wanadai mchango wa harusi, kazini kuna mtu kaulizia kitu, mwingine kaweka taarifa ya msiba, na we hata uso hujanawa, moyo ushaanza kwenda mbio. Watakuwepo tu hao hata saa tatu.

Hiyo nusu saa ipeleke kwenye chai ya maziwa, na msiichukulie poa. Kwa vikombe viwili weka kikombe kimoja cha maji, twanga kipande cha tangawizi kama urefu wa kidole gumba, na iliki nne hivi, twanga na maganda yake, tia na kijiti cha mdalasini. Acha vichemke vizuri kwenye maji peke yake, mpaka jiko zima linukie, ndo umimine kikombe cha maziwa. Usitie tangawizi mbichi moja kwa moja kwenye maziwa, yanakatika, na wengi wanamlaumu muuza maziwa bure wakati kosa ni la tangawizi. Majani ya chai yaje mwisho, yakipanda mara moja epua, ukiyachemsha sana yanakuwa machungu. Afu kaa chini uinywe! Usiinywe huku unafagia, huku unatafuta soksi za mtoto, kaa kibarazani au mlangoni, shika kikombe kwa mikono miwili, sikiliza kunguru na mtu wa maandazi anavyopita, mpaka kikombe kiishe.

Kazi za ndani fanya moja moja. Kama una uwanja wa udongo nyunyiza maji kidogo kwanza vumbi litulie, ile harufu ya udongo ikipanda ndo uanze na fagio la chelewa, taratibu, ukirudi nyuma ili usikanyage ulikopita. Ukimaliza simama uangalie ile mistari ya fagio. Mi naona ile ni raha kabisa, na watu wanaikosa kwasababu washakimbilia kufua.

Mchana, hasa mwezi wa kwanza na wa pili kaskazi ikiwa imekolea, ndani hapakaliki, na umeme ukikatika feni ndo basi tena. Piga deki sakafu, tandika mkeka pale upepo unapopita, lala. Na kama hujawahi kuwa na mtungi wa udongo nunua mmoja, uweke kivulini penye upepo bila kuuziba pembeni, maji yanapenya kidogo kidogo kwenye udongo na kukaukia nje, hivo ya ndani yanapoa bila friji. Juisi ya ukwaju ukiichanganya na maji ya mtungi, sukari kiasi na punje chache za chumvi, wallahi hutatamani soda.

Najua wengine mnasema hayo ni ya wasio na watoto. Hapana. Watoto wapewe kazi yao, wachambue mchele au wamwagilie mchicha mliopanda kwenye ndoo, mchicha unafaa sana maana ndani ya mwezi hivi wanaanza kuuchuma na wanaona matunda ya mikono yao. Na jirani akifungulia spika nenda kamwombe kwa salamu kwanza, "shikamoo mama, samahani, naomba upunguze kidogo nilaze mtoto", mara nyingi anapunguza. Ukigonga ukuta ndo umeanzisha vita.

Jioni baada ya kuoga, udi. Hapa watu wengi wanakosea kwenye kaa. Kaa likiwa jekundu bado udi unaungua na nyumba inanuka moshi, subiri livae jivu jeupe juu, ndo uweke kipande kidogo kwenye chetezo, kifuke polepole. Pitisha kwenye mapazia, fukiza kanga utakayolalia, na madirisha yawe wazi. Na jiko la mkaa msilale nalo ndani kamwe, hata msimu wa baridi, ile hewa yake haina harufu na inaua.

Kama una kanafasi panda asumini karibu na dirisha la chumbani, maana maua yake yanafunguka magharibi na kunukia usiku. Mche huna haja ya kununua, omba tawi kwa mwenye nao, kata kipande chenye vifundo vitatu au vinne, toa majani ya chini, chomeka kwenye kopo lililotobolewa chini, lenye udongo na mchanga, weka kivulini na udongo usikauke. Ukiona majani mapya yametoka hamishia penye jua, na kila ukimaliza msimu wa maua punguza matawi, ndo linazaa zaidi.